Kimya cha Tumbo Si Kupona: Jinsi Maradhi ya Kutosagika Chakula Yanavyoanza na Kuendelea

Katika kila kijiji na kila ofisi yumo mtu ambaye wenzake wamezoea kumwona akishika chembe cha moyo baada ya kula. Akiwa mkulima, huweka kipande cha magadi katika mfuko wa koti. Akiwa karani, huweka vidonge vya kutafuna katika mtoto wa meza. Ukimwuliza ana nini, atakujibu, "Ni tumbo tu, nimelizoea." Maneno hayo, "tumbo tu", ndiyo tunayotaka kuyachungua hapa, kwa kuwa maradhi ya tumbo yasiyokwisha hayakai mahali pamoja. Yana mwanzo, yana mwendo, na kwa watu wengine yana mwisho mbaya. Na jambo linalowadanganya wengi si maumivu yenyewe, bali ni zile siku ambazo maumivu hayapo.

Kwanza yafaa tueleze ni maradhi gani tunayoyasema. Mtu akila kupita kiasi arusini, akavimbiwa usiku ule, huyo hana maradhi. Kesho yake ataamka mzima. Tunayoyasema ni yale yanayorudi rudi: maumivu au moto katika chembe cha moyo, tumbo kujaa baada ya matonge machache, mbweu zisizokwisha, kichefuchefu, au kiungulia kinachopanda hadi kooni. Mambo hayo yakiwa yalianza yapata miezi 6 iliyopita, na kuonekana mara kwa mara katika miezi 3 ya karibuni, madaktari huyahesabu kuwa ni maradhi ya kudumu.

KAZI YA TUMBO

Chakula kikisha kutafunwa hushuka katika umio na kuingia katika mfuko wa chakula. Mfuko huo hujinyoosha ili kukipokea, kisha hukikoroga na kukiponda hata kiwe kama uji. Wakati huo huo hutoa maji makali yaitwayo asidi, ambayo kwa siku moja hufikia kiasi cha lita 2. Baadaye mlango wa chini wa mfuko hufunguka kidogo kidogo, na uji ule huteremka katika utumbo mwembamba. Mlo mzito waweza kuchukua saa 4 hivi mpaka mfuko uwe mtupu.

Asidi hiyo ina nguvu ya kuyeyusha nyama. Mbona basi haliyeyushi tumbo lenyewe, ambalo nalo ni nyama? Sababu ni kwamba ngozi ya ndani ya tumbo imefunikwa kwa ute mzito, na chini ya ute huo ngozi hujifanya upya kila baada ya siku chache. Kwa hiyo afya ya tumbo ni kama mizani: upande mmoja asidi, na upande wa pili ute pamoja na ngozi.

Mkulima mwenye shamba mlimani atalielewa jambo hili upesi. Mvua si adui wa shamba, madhali majani na matuta yapo. Lakini matuta yakibomoka na majani yakaondolewa, mvua ile ile iliyokuwa ikiotesha mahindi huanza kuchimba makorongo. Ndivyo ilivyo asidi katika tumbo. Si sumu, ni mfanya kazi mwema ambaye hugeuka kuwa mharibifu pale kinga inapoondoka.

TUMBO LILILOONEKANA KWA MACHO

Zamani hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika mambo yatendekayo ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Siri hiyo ilianza kufunuliwa kwa ajali. Tarehe 6 Juni, 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama, jina lake Alexis St. Martin, alipigwa na bunduki iliyofyatuka karibu naye. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu bila kutumaini kwamba ataishi. Kijana akaishi, lakini jeraha lilipopona liliacha tundu lililoingia moja kwa moja katika mfuko wa chakula.

Kuanzia mwaka 1825 Daktari Beaumont alilitumia tundu hilo kama dirisha. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabeji kwa uzi wa hariri, akaviteremsha ndani, kisha akavivuta baada ya muda ili kuona vimeyeyuka kiasi gani. Mwaka 1833 alitoa kitabu kilichoeleza majaribio hayo. Alionyesha kwamba chakula huyeyushwa na maji makali ya tumbo, wala si kwa kupondwa tu, na kwamba hasira huvuruga kazi hiyo.

Lakini katika yote aliyoyaona, liko moja ambalo msomaji mwenye tumbo bovu yampasa alikumbuke. Safari moja St. Martin alikuwa amekunywa pombe kali kwa siku nyingi mfululizo. Daktari alipochungulia ndani aliikuta ngozi ya tumbo imekuwa nyekundu na yenye mabaka ya uharibifu. Hata hivyo St. Martin mwenyewe hakulalamika. Hakusikia maumivu, alijiona mzima, na hamu ya chakula alikuwa nayo. Tumbo lilikuwa limekwisha kuumia, na mwenyewe hana habari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapo ndipo msemo huo unapotimia.

HATUA YA KWANZA: MAUDHI YA KUPITA

Maradhi haya huanza kwa upole. Mtu husikia moto kidogo leo, kisha wiki mbili zapita bila kitu. Huenda amekunywa chang'aa, au ameshinda njaa mchana kutwa kisha akala kwa pupa usiku, au amemeza vidonge vya maumivu bila kuweka chakula tumboni. Ngozi ya ndani huwa nyekundu, kisha hujirekebisha.

Wengine husumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Tumbo lao halijinyooshi vema kupokea chakula, au hukawia kukiteremsha, au mishipa ya fahamu ya tumbo imekuwa hodari mno wa kusikia, hata jambo dogo kwao ni maumivu. Watu wengi wanaosumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu, wanapochunguzwa kwa mpira mwembamba wenye kamera, hawaonekani na kidonda chochote. Isidhaniwe kwamba hao wanajisingizia. Maumivu yao ni ya kweli, nayo yaweza kudumu miaka mingi, yakizidi nyakati za wasiwasi na kupungua nyakati za raha. Ila hayachimbi shimo katika tumbo. Tatizo ni kwamba mgonjwa hawezi kujua kwa kusikia tu kama yeye ni wa kundi hilo au ni wa kundi lenye kidonda. Ndiyo maana uchunguzi unatakiwa.

HATUA YA PILI: MAZOEA

Katika hatua hii maumivu huanza kuwa na saa zake. Mgonjwa mmoja huamshwa usiku wa manane na njaa inayochoma, akila kipande cha mkate au akinywa maziwa hupata nafuu. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi hutokana na mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwingine huumwa punde tu baada ya kula, hata huanza kukiogopa chakula na kukonda. Huyo huenda taabu yake imo katika mfuko wenyewe.

Tena maumivu huwa na majira, kama vile mvua ilivyo na majira. Huja kwa wiki kadhaa, kisha huondoka kwa miezi. Hapo ndipo udanganyifu mkuu ulipo. Mgonjwa alikuwa akila magadi, au akinywa majivu yaliyochujwa, au dawa ya mizizi aliyopewa na jirani. Maumivu yakaisha. Basi husema, "Dawa hii imeniponya," na kuwasifia wengine. Kumbe maumivu yangeondoka tu kwa sababu majira yake yamepita, na majira mengine yakifika yatarudi.

Magadi kweli hupunguza ukali wa asidi kwa muda mfupi, kama maji yanavyozima cheche. Lakini hayajengi ute wala hayaui chanzo cha maradhi. Na kwa kuwa yana chumvichumvi nyingi, hayamfai mtu mwenye shinikizo la damu. Maziwa nayo hutuliza, kisha hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi. Hata vidonge vizuri vya kupunguza asidi, kama omeprazoli, mtu akijinunulia mwenyewe mwaka hata mwaka, vyaweza kumfunika macho asione kitu kinachokua ndani.

VIJIDUDU VILIVYOJIFICHA

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na wasiwasi, pilipili na asidi nyingi. Iliaminika kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika maji makali namna ile. Mwaka 1979, katika mji wa Perth huko Australia, Daktari Robin Warren aliona kwa darubini vijidudu vilivyopinda katika vipande vya ngozi ya tumbo. Baadaye aliungana na daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuviotesha, wakashindwa mara nyingi. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, sahani za kuoteshea ziliachwa siku nyingi kuliko desturi. Watu walipotoka sikukuu waliona vimeota.

Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Daktari Marshall alikunywa maji yenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alianza kutapika, na alipochunguzwa tumbo lake lilikuwa limewaka. Mwaka 2005 madaktari hao wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Vijidudu hivyo huitwa Helicobacter pylori, na katika karatasi za maabara msomaji ataviona vimeandikwa H. pylori.

Vijidudu hivi ni wajanja. Hujichimbia chini ya ute, na hujitengenezea kitu cha kupunguza ukali wa asidi iliyo karibu navyo. Mara nyingi huingia utotoni, kwa njia ya mate, matapishi au uchafu wa choo, kutoka kwa watu wa nyumba moja. Katika Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanavyo. Kikulacho ki nguoni mwako! Hata hivyo yafaa tuwe na kadiri: walio wengi miongoni mwao hawataona dhara lolote. Yapata mtu 1 katika 10 ndiye hupata kidonda.

Mharibifu wa pili ni vidonge vya maumivu, yaani aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na vya jamaa hiyo. Mtu aliyelima kutwa mgongo ukamwuma, au mzee mwenye magoti mabovu, huvinunua dukani na kuvimeza kila siku. Dawa hizo huzuia maumivu, lakini pia huzuia mwili usitengeneze ute wa kutosha. Tena, kwa kuwa ni dawa za maumivu, kidonda chake huweza kukua bila kuuma. Kwa wazee hasa, dalili ya kwanza huweza kuwa damu.

HATUA YA TATU: KIDONDA

Kinga ikisha kutoboka, asidi hupenya na kuchimba. Hapo huwa si wekundu tena bali ni shimo, kama korongo shambani. Kidonda kikikauka huacha kovu. Kikirudi huchimba pale pale au kando yake. Mtu aweza kuishi na hali hiyo miaka 10 au 20, akiumwa na kupoa, akiumwa na kupoa.

Kwa watu wengine vijidudu hufanya kazi nyingine ya kimya zaidi. Huidhoofisha ngozi ya tumbo kwa miongo ya miaka mpaka sehemu zinazotoa asidi zinakufa. Asidi ikipungua, moto nao hupungua, na mgonjwa hufurahi. Lakini ngozi iliyodhoofika namna hiyo, kwa watu wachache, huweza hatimaye kugeuka kuwa saratani ya tumbo. Kwa sababu hiyo, mwaka 1994 shirika la uchunguzi wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni liliviandika vijidudu hivi miongoni mwa visababishi vya saratani.

Kiungulia nacho kina mwendo wake. Asidi ikipanda usiku baada ya usiku huichoma ngozi ya umio, ambayo haina kinga kama ya tumbo. Baada ya miaka mingi umio waweza kupata makovu na kuwa mwembamba, hata chakula kikakwama.

HATUA YA NNE: HATARI

Kidonda kikiachwa chaweza kuleta mambo matatu. La kwanza ni kutoka damu. Kidonda kikila mshipa, mgonjwa hutapika damu, au kitu cheusi kama unga wa kahawa, au hupata choo cheusi kinachonata kama lami. Pengine damu hutoka kidogo kidogo bila kuonekana, na mtu huona tu kwamba kilima alichokuwa akikipanda sasa kinamshinda. La pili ni kutoboka. Ghafula maumivu makali huja kama kisu, na tumbo huwa gumu kama ubao. La tatu ni kuziba. Makovu huuziba mlango wa chini wa mfuko, na mgonjwa hutapika chakula alichokula jana. Mambo hayo matatu hayangoji asubuhi, wala hayana dawa ya nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

MAMBO YA KUFANYA

Mtu ambaye tumbo linamsumbua kwa wiki kadhaa, au linamrudia mara kwa mara, na aende zahanati au kituo cha afya. Asikawie kabisa akiwa ana dalili hizi: anapungua uzito bila sababu, chakula kinakwama anapomeza, anatapika kila mara, amepungukiwa na damu, au ana umri wa makamo na tumbo limeanza kumsumbua kwa mara ya kwanza. Tena, maumivu ya kifuani yanayokuja mtu anapojitahidi kwa kazi, pamoja na jasho au kuishiwa na pumzi, huenda si ya tumbo bali ni ya moyo.

Aende na daftari. Kwa wiki moja au mbili aandike saa ya maumivu, chakula alichokula, pombe aliyokunywa, na kila kidonge alichomeza, hata kile cha kichwa. Daktari atapata faida kubwa katika karatasi hiyo.

Vijidudu vyaweza kupimwa kwa pumzi au kwa choo. Kipimo cha damu nacho kipo, ila huweza kuendelea kuonyesha alama hata baada ya mtu kupona. Dawa za kupunguza asidi huweza kukidanganya kipimo cha pumzi au cha choo, kwa hiyo madaktari hutaka ziachwe wiki 2 kabla, na dawa za kuua vijidudu wiki 4 kabla. Vikionekana, mgonjwa hupewa dawa za kuviua pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 10 hadi 14. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Siku ya nne moto unazimika, na mgonjwa anaacha dawa au anamgawia ndugu yake zilizobaki. Vijidudu vilivyosalia hurudi vikiwa sugu. Dawa zimalizwe zote, na baada ya wiki 4 au zaidi kipimo kirudiwe.

Anayetumia vidonge vya maumivu aulize kama parasetamoli yaweza kumfaa, kwa kuwa haiumizi tumbo namna ile. Lakini aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza. Tumbaku iachwe, kwa maana huzuia kidonda kisipone. Pombe ipunguzwe au iachwe. Pilipili na maharagwe havileti kidonda, ingawa huweza kumwudhi mwenye tumbo bovu. Kila mtu ajichunguze, asijinyime vyakula vyote akadhoofika bure. Mwenye kiungulia ale chakula cha usiku saa 3 kabla ya kulala, na ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali kiasi cha sentimita 15. Kwa ajili ya watoto, mikono ioshwe kwa sabuni, choo kitumike, na desturi ya kumtafunia mtoto chakula iachwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tumbo ni mgumu kuuona, kwa kuwa umo gizani, na una siku nyingi za kunyamaza. Basi mtu asilipime tumbo lake kwa kuuliza kama leo linauma. Ajiulize ni mara ngapi limeuma tangu mavuno ya mwaka jana, na ni vidonge vingapi au magadi kiasi gani yametumika kulinyamazisha. Jibu likiwa kubwa kuliko alivyodhani, siku ya kwenda zahanati ni hiyo ambayo tumbo limetulia, anapoweza kutembea kwa miguu yake na kueleza habari zake kwa utaratibu.